Ulaya Ipi, na kwa Pasipoti Ipi?

Zamani mhitimu aliyetamani Ulaya alikuja ofisini kuomba barua ya kumtambulisha kwa chuo fulani cha huko. Siku hizi wapo wanaokuja na swali la mfanyabiashara: ni nchi gani ya Ulaya inayomfaa zaidi mtu anayetaka kusajili kampuni na kuishi hukohuko? Mara nyingi huja na orodha waliyoichapa kutoka mtandaoni, nchi kumi zikiwa zimepangwa kama msimamo wa ligi: Ureno juu, Estonia ikiifuata, kisha Uholanzi, na Ujerumani mahali fulani katikati kwa sababu ya urasimu wake. Nimezisoma orodha hizi kwa uangalifu kuliko pengine zinavyostahili. Yale zinayoeleza kuhusu nchi hizo kwa sehemu kubwa ni kweli. Kasoro yake ni kwamba hazimtaji msomaji. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pasipoti ya Marekani, Kanada au Australia, anayeweza kushuka Lisbon kwa tiketi tu ya ndege na kuamua mambo yake akiwa mgahawani. Mtanzania anayezisoma anasoma barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

Kabla ya kulinganisha nchi na nchi, kuna mambo matatu ambayo wahitimu wetu huyachanganya, na orodha hizo huwasaidia kuyachanganya: kusajili kampuni, kupata kibali cha ukaazi, na kupata uraia. Ulaya huvitoa vitu hivi kwenye madirisha tofauti na kwa bei tofauti. Uingereza ni mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi ada ya kusajili kampuni huko kwa njia ya mtandao ilikuwa pauni 12. Mei 2024 ikapandishwa hadi pauni 50. Mtu aliyeketi Sinza anaweza kumiliki kampuni ya London bila kuuona mto Thames maishani mwake. Lakini kampuni hiyo haimbebi mwenyewe. Akitaka kwenda kuisimamia, ataomba viza kama mtu mwingine yeyote, na hati ya usajili wa kampuni haitamfungulia mlango wa uwanja wa ndege.

Estonia imelifanya jambo hili kwa ustadi zaidi, na ndiyo maana inawavutia sana vijana wa teknolojia. Nchi hii yenye watu takriban milioni 1.3, iliyorejesha uhuru wake mwaka 1991, ilianzisha Desemba 2014 mpango unaoitwa ukaazi wa kidijitali. Neno hilo limewapotosha wengi. Anayekubaliwa hupewa kadi ya utambulisho inayomwezesha kutia saini nyaraka kwa kompyuta na kusajili kampuni ya Estonia akiwa popote duniani. Hapewi haki ya kuishi Estonia, wala viza ya kuitembelea. Ni mkaazi wa mfumo wa kompyuta, si wa nchi. Kodi yao nayo inapendeza masikioni: faida inayobaki ndani ya kampuni haitozwi kodi ya mapato hadi itakapogawiwa kwa wanahisa, na tangu 2025 kiwango ni asilimia 22. Kwetu kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida, iwe imegawiwa au haijagawiwa.

Ningependa hapa kuwaomba wale wanaoshangilia wasome pia sheria ya nyumbani. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaihesabu kampuni kuwa mkaazi wa Tanzania ikiwa usimamizi na udhibiti wa mambo yake unafanyika hapa. Kwa maneno mengine, kampuni iliyosajiliwa Tallinn lakini inayoendeshwa kutoka chumba kimoja cha Sinza ni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kama duka la jirani. Isitoshe, kuna suala la benki. Mwaka 2018 ilibainika kwamba tawi la benki moja ya Denmark mjini Tallinn lilikuwa limepitisha malipo ya takriban euro bilioni 200, mengi yake ya kutiliwa shaka, kati ya 2007 na 2015. Baada ya kashfa hiyo benki za Estonia zikawa na woga wa wateja wa mbali. Na nchi yetu yenyewe ilikuwa katika orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia udhibiti wa utakatishaji fedha, tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Kadi ya kidijitali haina rangi wala taifa, lakini fomu ya benki ina mstari wa uraia, na mstari huo husomwa.

Ninaandika haya nikiwa na mtu mmoja akilini, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sitamtaja jina. Yeye na wenzake wawili wametengeneza programu ya kutunza hesabu za vyama vya kuweka na kukopa. Wateja wao wapo: vyama kadhaa Morogoro, Makambako na hapa Dar es Salaam. Wameweka akiba ya shilingi milioni 40 kwa miaka minne, kiasi ambacho kwa thamani ya sasa ni kama euro 14,000. Alikuja na orodha yake, na kwenye ukurasa wa Uholanzi alikuwa amepigia mstari idadi moja kwa wino mwekundu: mtaji wa euro 4,500.

“Shikamoo Mwalimu. Hii tunaiweza,” aliniambia.

Idadi ile ni ya kweli. Raia wa Marekani anayeweka mtaji wa euro 4,500 katika biashara yake anaweza kupata kibali cha kuishi Uholanzi kama mtu aliyejiajiri. Haki hiyo inatokana na mkataba wa urafiki na biashara uliotiwa saini baina ya Marekani na Uholanzi mwaka 1956. Orodha haikusema kwamba kiwango hicho hakimhusu Mtanzania kwa sababu wasomaji waliokusudiwa hawakuwa na haja ya kuambiwa. Mwaka 1956 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Waingereza. TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili. Hapakuwa na Mtanganyika aliyeweza kuketi na Mholanzi The Hague na kuandika kifungu cha kumfaa mjukuu wake. Tulipokuja kuwa na mkataba wetu na Uholanzi, wa mwaka 2001, ulikuwa wa kulinda uwekezaji, na uwekezaji uliokuwa ukilindwa kwa hakika ulikuwa wa upande mmoja. Serikali yetu iliuvunja, ukakoma Aprili 2019. Sikusikitika. Lakini wanafunzi wangu wa uhusiano wa kimataifa wajiulize: katika miaka yote ya kuzungumza na Ulaya, ni mara ngapi tumeketi mezani kudai haki ya mtu wetu mdogo kuingia, badala ya kujadili tu masharti ya mtu wao mkubwa kuja?

Mtanzania anayejiajiri Uholanzi hupimwa kwa alama katika mambo matatu: uzoefu wake, mpango wake wa biashara, na manufaa ya biashara hiyo kwa uchumi wa Uholanzi. Ipo pia viza ya kampuni changa, iliyoanza mwaka 2015, inayotoa mwaka mmoja kwa mtu mwenye bidhaa ya kibunifu na msimamizi mzoefu anayetambuliwa na serikali yao. Nilimuuliza binti yangu huyu: programu yenu inawahudumia wakulima wa Makambako, Mholanzi atafaidika nini nayo? Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo nilidhani lilikuwa la msingi kuliko orodha nzima. Hawakuwa wakitafuta soko la Ulaya. Walikuwa wakitafuta anwani ya Ulaya. Mteja wa Lusaka aliwataka wapokee malipo kwa kadi, na baadhi ya mifumo mikubwa ya malipo ya mtandaoni, Stripe ikiwamo, haifungui akaunti kwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania. Mwekezaji mmoja naye alikuwa amewaambia hawezi kuweka fedha katika kampuni ya hapa. Wasajili kwanza nje. Ndiyo maana kampuni nyingi changa za Kiafrika, zikiwa na ofisi Lagos au Nairobi, kisheria ni za Delaware.

Ureno ndiyo inayotajwa kwa mapenzi zaidi. Hali ya hewa nzuri, watu wakarimu, maisha nafuu kwa kipimo cha Ulaya Magharibi. Tangu Oktoba 2022 ina viza ya mtu anayefanyia kazi ya mbali, ambaye sharti athibitishe kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara cha Ureno. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 870, kwa hiyo kipato kilichotakiwa mwaka huo kilikuwa euro 3,480 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu ni karibu milioni 10. Watumishi wa umma wanaonisoma watafanya hesabu wenyewe: kima chao cha chini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Ni mara ishirini. Na aliyefanikiwa kuingia hukutana na foleni nyingine, kwa kuwa wakala mpya wa uhamiaji ulioundwa Oktoba 2023 ulirithi mamia ya maelfu ya majalada yasiyoshughulikiwa.

Ila Ureno ina jambo linalonifikirisha kila ninapofika Mtwara. Nchi zinazozungumza Kireno zilitia saini mjini Luanda, Julai 2021, makubaliano ya kurahisishiana uhamaji. Kwa hiyo Mmakonde wa upande wa Msumbiji ana njia ya kwenda Ureno iliyo nyepesi kuliko ya ndugu yake wa upande wetu. Kinachowatofautisha ni Mto Ruvuma, na mpaka ambao Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 bila kumuuliza Mmakonde yeyote. Sisemi kwamba kutawaliwa na Mreno kulikuwa bahati. Nasema kwamba makabati ya wakoloni hayajafungwa. Bado mtu hupewa au hunyimwa kibali kutokana na karatasi zilizomo.

Kuhusu viza za dhahabu sitawachosha. Ni biashara ya watu wenye fedha, na milango inazidi kufungwa. Ireland ilifunga mpango wake Februari 2023, Hispania Aprili 2025. Ugiriki, iliyoanza kwa nyumba ya euro 250,000, sasa hutaka 800,000 kwa Athens na maeneo mengine yanayogombewa. Malta ilikuwa ikiuza uraia wenyewe hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipouhukumu mpango huo tarehe 29 Aprili 2025. Kama kuna msomaji wangu mwenye kiasi hicho cha fedha, namwomba kwanza aje tuzungumze kuhusu maktaba yetu.

Imebaki Ujerumani, nchi ninayoifahamu kidogo kwa kuwa nilisomea huko shahada ya uzamivu. Kifungu cha 21 cha Sheria yao ya Ukaazi kinamruhusu mgeni kufanya biashara ikiwa kuna maslahi ya kiuchumi au mahitaji ya eneo, ikiwa biashara inatarajiwa kuuathiri uchumi vizuri, na ikiwa mtaji umehakikishwa. Aliyezidi miaka 45 huongezewa sharti la kuonyesha kwamba ana akiba ya uzee ya kutosha. Mimi basi nimeshatolewa mashindanoni. Aina ya kawaida ya kampuni yao yenye dhima yenye ukomo hutaka mtaji wa euro 25,000, ingawa tangu 2008 ipo aina ndogo inayoweza kuanzishwa hata kwa euro 1. Nikikisoma kifungu hicho, humkumbuka Carl Peters. Naye alianzisha biashara ugenini: Februari 1885 kampuni yake ilipewa hati ya ulinzi na Kaisari kwa nguvu ya mikataba aliyoipata Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Hakuna aliyemdai mpango wa biashara wala akiba ya uzee.

Niseme, hata hivyo, kwamba sharti la Wajerumani silioni kuwa dhuluma. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kifungu cha 21 kimesema hivyohivyo kwa lugha ya wanasheria. Na sisi wenyewe tunasema. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji wa watalii na uchimbaji mdogo wa madini. Aliyekuwa akipita Kariakoo alijua amri ile ilikuwa inakuja, na mimi naiunga mkono kwa kiasi kikubwa: mtu hasafiri kutoka bara jingine na kibali cha mwekezaji ili kuuza vifuniko vya simu. Tatizo langu ni kwamba amri haikutenganisha mgeni na jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ina kifungu cha 13 kuhusu haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine mwanachama. Mkenya anayetengeneza simu Arusha aliwekwa kapu moja na wengine wote. Tukiwa tumetia saini haki hiyo na jirani tunayezungumza naye lugha moja kisha tukaikunja, tutaidai Brussels kwa uso gani?

Nilipokuwa Ujerumani niliwafahamu Waafrika Mashariki waliokuwa na biashara zao. Mama mmoja kutoka Tanga alikuwa na duka la vyakula mjini Hamburg, la unga wa muhogo, mawese na dagaa. Mkongomani mmoja aliuza simu na kutuma fedha Bukavu. Kijana wa Kikenya alikuwa mkalimani wa mahakama. Siku moja, kwa udadisi wa kitaaluma, niliwauliza kila mmoja aliingiaje. Mama wa Tanga aliolewa. Mkongomani alikuja kama mkimbizi. Mkenya alikuja kusoma. Hakuna hata mmoja niliyemfahamu aliyeingia kwa kibali cha mfanyabiashara. Biashara ilikuja baadaye, walipokuwa na haki ya kuishi iliyotokana na jambo jingine. Hata makubaliano ya Septemba 2024 baina ya Kenya na Ujerumani, yaliyopigiwa makofi Nairobi, yanahusu wafanyakazi. Ulaya inatuhitaji kama mikono. Kama wenye kampuni, bado.

Kwa hiyo nilipomshauri mwanafunzi wangu nilimwonyesha njia ya Mkenya. Anayehitimu chuo cha Ujerumani hupewa miezi 18 ya kutafuta kazi, na sheria inamlegezea masharti akitaka kujiajiri katika jambo linalohusiana na alichosomea. Vyuo vingi vya umma havitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalowatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Sharti kubwa ni akaunti iliyozuiwa, ambamo mwanafunzi huweka euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka na kuzitoa euro 992 kila mwezi. Ni karibu shilingi milioni 34.

Alizihesabu haraka kuliko nilivyotarajia. “Mwalimu, hizo si zangu peke yangu,” alisema. Na kweli, milioni 40 ni za watu watatu. Sehemu ya mwenzake mmoja ilitokana na kiwanja cha baba yake Kibaha. Mlango wa Ulaya, katika kila nchi tuliyoipitia siku ile, ulikuwa na upana wa mtu mmoja, na fedha za akaunti ile haziwi mtaji tena: huliwa mkate na kodi ya chumba. Tuligusa pia uraia, kwa kuwa aliuliza. Tangu Juni 2024 Ujerumani humruhusu anayepata uraia wake kubaki na ule wa kwanza. Mkenya atanufaika, kwa sababu Katiba yao ya 2010 inaukubali uraia pacha. Mtanzania mtu mzima akipata uraia mwingine, sheria yetu ya mwaka 1995 humwondolea wa hapa. Hakuuliza zaidi kuhusu hilo.

Kisha akaniuliza habari za Kigali, ambako kampuni husajiliwa kwa saa chache na Mtanzania huingia bila viza. Ni swali zuri, na katika orodha yake ya nchi kumi lisingeweza kuwamo.

Tangu siku hiyo wamesajili kampuni BRELA, hisa zikiwa za watu watatu kwa usawa. Ametuma maombi ya shahada ya uzamili Ujerumani na ya ufadhili wa DAAD, ambao ukipatikana utaiondoa haja ya akaunti iliyozuiwa, majibu bado. Asipoupata, atawaomba wenzake wamkopeshe akiba. Benki inataka saini mbili kati ya tatu ili fedha zile zitoke, na nilipozungumza naye wiki iliyopita ilikuwapo ya kwake tu.